Kiini cha Basundhara

Asar 6
Mvua za mwaka zimeanza leo, na zimewaleta wanaume watatu wa guthi mpaka barazani kwangu, viatu mkononi. Nilikuwa napembua mchele. Niliwaona, nikaendelea kupembua.

Guthi ni chama cha ndugu wa ua wetu, nyumba zote zinazouzunguka uwanja mmoja. Wana sherehe nyingi na karamu nyingi, lakini kazi yao hasa ni moja: mtu wa ua akifa, wanambeba mabegani mwao hadi mtoni akachomwe. Mume wangu Purnaman alipokufa kwa homa, hakuja hata mmoja. Nilimbeba mimi, na binti yetu Sunkesari, wakati huo ana miaka kumi na miwili, na wachukuzi wawili wa sokoni waliokuwa wametoka kubeba viazi. Ua mzima ulituchungulia madirishani. Huu ni mwaka wa saba.

Kosa lake? Alikuwa fundi wa shaba, na walimletea sanamu ya Basundhara, mungu wa kike wa neema wa ua huu, atengeneze mguu uliolegea. Kuhani akahamisha uhai wa Basundhara kutoka kwenye shaba akauweka katika chungu cha maji, kama inavyofanywa siku zote sanamu ikienda kwa fundi. Usiku wezi wakaubeba mwili mtupu. Jogratna, mkubwa wa guthi, alikuwa na zamu ya kulinda. Akaapa kwamba alilala mlangoni na hakupita hata paka, kwa hiyo aliyeitoa ni mwenye nyumba, ameuza. Wakamtoa Purnaman kwenye guthi. Mwezi haukuisha akawa ameanguka kitandani.

Sasa hao watatu wanataka nitengeneze Basundhara mpya wa shaba. Uhai wake bado umo chunguni, kwa Jogratna, wanauongezea maji kila asubuhi kama mgonjwa. Karakana mbili zimejaribu. Moja kalibu yake, ule udongo wa kumiminia shaba, ilipasuka, nyingine ilitoa mungu mwenye uso wa nyani.

"Tumetumwa na mkubwa wa guthi," alisema mmoja wao.

"Kwani yeye hana miguu?"

"Magoti yanamsumbua, dada."

"Magoti mabovu hayamzuii mtu kuomba. Mwambieni aje mwenyewe."

Asar 7
Mvua. Hakuja.

Asar 8
Mvua. Hakuja. Paa la jikoni linavuja pale pale.

Asar 11
Amekuja. Jogratna ni mtoto wa baba mkubwa wa Purnaman, kwa hiyo ni shemeji yangu, Mungu anisaidie. Amezeeka vibaya. Mkewe Dhanmaya alimfuata nyuma na kikapu cha pepeta, mchele ule wa kupondwa, na mayai ya kuchemsha, akakiweka chini katikati yetu kama anayelisha mbwa mkali.

"Shemeji," alisema Jogratna, "ua hauna mama. Mpunga unaoza, watoto wanaumwa. Kuhani anasema Basundhara amechoka kukaa chunguni."

"Na mimi ndiye wa kumtoa?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimsafisha uso. Hakuna mwingine anayeujua kwa vidole."

Ni kweli. Uso ule ulikuwa umelika kwa mikono ya watu waliomgusa na kumpaka rangi nyekundu tangu enzi za wafalme, pua imebaki kama punje ya maharage, lakini tabasamu lilikuwa lipo. Lilikuwa limejificha chini ya rangi.

Nikasema nitamtengeneza. Sharti moja: kazi yote ni yangu, tangu nta hadi kuvunjwa kwa kalibu, na hakuna mtu wa guthi atakayelala mlangoni kwangu kulinda. Aliposikia neno kulinda, alitazama mayai.

"Sawa," alisema.

Walipoondoka Sunkesari aliniuliza, "Mama, mbona umekubali upesi hivyo? Unawaza nini?"

"Nawaza nta."

Asar 12
Nimekula mayai ya Dhanmaya. Mayai hayana kosa.

Asar 17
Nta imekubali. Nimeichanganya na utomvu na samli kidogo, nikaikanda karibu na moto hadi ikawa laini kama ndewe ya sikio. Mwili umekuja bila kubishana: kiuno, kifua, mguu mmoja umekunjwa na mwingine umeshuka unakanyaga chombo cha hazina. Kisha mikono yake sita. Mmoja unashika shuke la mpunga, mmoja kitabu, mmoja kishada cha vito, mmoja mtungi wa neema. Mmoja umeinuliwa kusalimu. Na ule wa chini kulia umefunguliwa, kiganja kikitazama watu, mkono wa kutoa. Watu wa ua huu wanaupenda huo kuliko mingine yote. Wote ni wapokeaji.

Asar 19
Uso umekataa.

Asar 20
Umekataa.

Asar 24
Nimetengeneza uso na kuuyeyusha, nikatengeneza tena. Basundhara lazima awe msichana wa miaka kumi na sita aliyeshiba, anayewatazama watu kama wageni waliofika kwa chakula. Mimi nampa macho sawasawa, mashavu sawasawa, halafu nikifika mdomoni unabana.

Sunkesari alisimama nyuma yangu akaguna. "Huyu anaonekana kama anadai."

"Nyamaza."

"Kweli, Mama. Ukimwekea maua atakuuliza ya juzi yako wapi."

Nilicheka, sikupenda kucheka. Kisha nikauponda uso ule kwa kidole gumba. Nitawezaje kuwapa watu hawa tabasamu? Kila nikishika kijiti cha kuchongea nawaona madirishani, na Purnaman anapita chini yao kwenye ubao, mguu mmoja unaning'inia kwa sababu wachukuzi wa viazi hawajui kufunga maiti.

Asar 30
Usingizi haukuja jana, lakini wazo limekuja.

Sanamu yetu ni tupu ndani. Nta ikikamilika unaijaza udongo, huo ndio kiini, halafu unaifunika udongo nje. Nta inayeyuka, shaba inachukua nafasi yake katikati. Baadaye kiini cha mwili unakikwangua ukakitoa, ili kuhani apate pa kuweka nafaka na maandiko yake. Lakini kiini cha kichwa hakitolewi. Kinabaki humo milele.

Na mimi ninacho kipande cha mfupa wa paji la uso wa Purnaman. Kilipaswa kwenda mtoni siku ya kumi baada ya kuchomwa, watu wa guthi wakiwa wamesimama majini. Hakuna aliyesimama, nami sikukipeleka. Nilisema moyoni kitasubiri, sikujua kitasubiri nini.

Basundhara akishapata uhai wake, watambeba kuzunguka mtaa mzima. Mabega yale yale. Jogratna mbele, ndiyo nafasi ya mkubwa.

Nilishuka karakanani asubuhi bila hata kunywa chai. Mdomo ulikaa mara moja. Ni tabasamu zuri kuliko yote niliyowahi kufanya, na niliona raha, raha tupu, sioni haya kuiandika.

Saun 2
Nilikuwa nasaga mfupa kwenye jiwe, niuchanganye na udongo na mavi ya ng'ombe na pumba za mpunga, Sunkesari akaingia na kuni. Alitazama kile cheupe juu ya jiwe.

"Ni nini hiyo?"

Ningeweza kumdanganya. Sikumdanganya. "Ni baba yako."

Kuni zilimponyoka. Anaujua uchafu wa maiti kama anavyoujua mtoto yeyote wa ua huu. Kiungo cha mtu aliyetengwa ndani ya kichwa cha mungu ni jambo ambalo hata kulitamka ni vigumu. Nilidhani atakimbilia kwa kuhani Tirtharaj. Nilijiandaa kumshika.

"Wakijua?" aliuliza.

"Watajua wakishambeba. Na sio wote. Mmoja."

Alikaa chini. Kisha akanyoosha mikono. "Nipe nimkande mimi. Sikumuaga."

Alikanda, analia, hakuacha hata punje. Tukajaza kichwa.

Saun 3 hadi Saun 9
Kufunika. Tabaka la udongo laini, kukausha. Tabaka jingine, kukausha. Hakukauki.

Saun 13
Kalibu imetundikwa juu ya jiko. Inanuka shamba. Kalibu yenye maji ukiimiminia shaba inalipuka, na ukuta unakwenda nayo. Kwa hiyo tunasubiri.

Saun 15
Mvua.

Saun 16
Mvua. Ukungu umeota kwenye pilipili.

Saun 18
Dhanmaya amekuja tena, safari hii na maziwa ya mgando. Anakaa, anasifia, anauliza kama udongo umekauka. Nilikuwa nimemweka katika hesabu ya wale wa madirishani. Leo amesema bila kuulizwa, "Siku ile mimi nilishuka mpaka ngazini. Bwana alinishika mkono."

"Mkono una nguvu kiasi gani, mkono wa Jogratna?"

"Siku zile ulikuwa nazo."

"Na siku zilizofuata? Miaka mizima? Hata kuazima chumvi hukuja."

Alikunja shali yake. "Ulikuwa na uso wa kutisha, Heramaya. Bado unao."

Nikamwambia maziwa yake ni matamu. Ni matamu kweli.

Saun 23
Hii naiandika ndefu.

Jogratna alikuja peke yake mchana, mvua ikiwa imepumzika kidogo na ngoma za waliokwenda kuabudu zikirudi kutoka hekalu la kilimani. Aliomba kuona kalibu. Nikamwonyesha: bonge la udongo, halina sura. Aliweka kiganja juu yake. Karibu na kichwa. Nilimwacha.

"Bado ina baridi," alisema.

"Bado ina maji."

Akakaa kwenye kigoda cha Purnaman bila kujua ni kigoda cha nani, au akijua. "Shemeji, zamu ya siku ile ilikuwa yangu."

"Najua. Ua mzima unajua. Ulilala mlangoni, hakupita hata paka."

"Sikulala mlangoni."

Nilikuwa na patasi mkononi. Niliiweka chini, kwa usalama wetu wote.

"Kulikuwa na arusi kwa kina Dhanmaya," alisema. "Nikasema niende nikanywe bilauri moja nirudi. Nilirudi kumekucha. Mlango ulikuwa wazi, sanamu haipo, Purnaman bado anakoroma juu. Nikaurudisha mlango, nikajilaza pale, nikasubiri mtu apige kelele."

"Kwa hiyo ulijua hakuuza."

"Nilijua."

"Ukainua mkono atolewe."

"Niliinua wa kwanza. Ningechelewa wangenitazama."

Miaka yote hii nilidhani ni mjinga. Nilidhani ameamini uongo wa ua, kama wengine, na mtu mjinga unaweza hata kumhurumia ukiwa umeshiba. Kumbe uongo ulikuwa wa kwake, aliutunga amejilaza kwenye mkeka. Purnaman aliumwa akimtaja huyu huyu, "Muiteni kaka Jogratna, yeye alikuwa mlangoni, atanisaidia kukumbuka." Nilikwenda kumwita. Walisema hayupo.

"Unataka nini?" nilimuuliza.

"Nisamehe. Nazeeka, magoti yameisha. Sitaki kufa na hili."

"Kaseme mbele ya guthi."

"Nitasema. Acha siku ya Basundhara ipite, nisiwaharibie watu sherehe. Nikishasema, utanisamehe?"

"Sema kwanza."

Alitaka kugusa miguu yangu, mzee yule. Nikairudisha nyuma. Hatasema. Watu wa namna yake kila siku wana sherehe ya kusubiri ipite.

Bhadau 1
Jua! Nusu siku. Tumeitoa kalibu nje, tukaigeuza kama mgonjwa wa mgongo.

Bhadau 4
Leo tumemimina.

Wanawake wa ua walijaa uani tangu asubuhi. Ni desturi, kila mmoja anatupa kitu katika shaba inayoyeyuka ili Basundhara awe wa wote: kipini, pete iliyovunjika, kengele ya mtoto. Dhanmaya alivua bangili ya dhahabu, ile ya arusi yake, akaitupa. Watu waliguna. Mimi sikutupa kitu. Mtu wangu alikuwa ndani tayari.

Nta ilitoka yote ikinuka asali. Kalibu ikawa nyekundu. Nilipiga magoti, Sunkesari ameshika koleo upande wa pili, tukainamisha chungu cha shaba na ile kamba ya moto ikaingia katika tundu. Hapo ndipo manyunyu yalipoanza. Tone moja likianguka tunduni ni mlipuko. Wanawake walivua shali zao, vitambaa kuukuu, chochote, wakazitandaza juu yetu kwa mikono iliyonyooshwa, wamesimama karibu hadi nikawa nasikia nywele zao zikiungua kwa cheche. Hakuna aliyekimbia. Wale wale wa madirishani. Nilitaka kuwachukia na sikuwa na nafasi.

Ilipopoa tukavunja udongo. Uso ulikuwa mzima, na tabasamu. Mikono mitano mizima. Wa sita, ule wa kutoa, ulitoka kisiki. Shaba haikufika vidoleni.

Kisha bibi mmoja akasema, "Amekataa kutupa."

"Shaba ilipoa njiani tu," nilisema. "Nitamuungia mkono."

Lakini moyoni nilimwambia Basundhara, vizuri, usiwape.

Bhadau 9
Nimetengeneza mkono mpya, nimeuunga. Huoni pa kuungia.

Bhadau 13
Patasi kutwa. Vidole vimevimba.

Bhadau 16
Dhahabu na zebaki: unampaka, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki. Nimefunga pua na kitambaa, Sunkesari nimemfukuza asivute moshi. Basundhara amewaka. Alipokuwa bado wa moto nilimwangalia machoni muda mrefu. Ni mzuri, mwenye heri, ameshiba. Usingejua.

Bhadau 18
Kuhani Tirtharaj alikuja kumjaza na kumrudishia uhai. Aliweka nafaka, maandiko yaliyoviringwa, vipande vya hariri. Kisha akainama na taa, akachungulia juu, shingoni.

"Kiini cha kichwa hukukitoa?"

"Hakitolewi, Guru. Kichwa kitalegea."

"Aha. Sawa, sawa."

Sunkesari alikuwa ameshika sinia la mchele. Alianza kuchambua mchele uliokwisha chambuliwa. Kuhani akafunika kitako kwa bamba la shaba, mimi nikagonga kingo. Kisha akashika chungu cha maji, akaomba, akagusa macho ya Basundhara, kifua chake. Wanawake walilia. Jogratna alilia. Mimi nilikuwa nasubiri kesho.

Bhadau 19
Nimeketi tu. Nataka niandike kabla mtu hajaja kunieleza ilikuwaje.

Walimweka Basundhara kwenye machela ya mbao, maua hadi shingoni. Wabebaji wanane. Jogratna walimwambia apumzike, akakataa, akaingiza bega chini ya mti wa mbele. Matoazi, ngoma, watu peku kwenye tope. Machela husimama kila kona ili wanawake watoe mchele na rangi. Nilisubiri kona ya tatu, karibu na njia panda, pale ambapo kulia unarudi uani na kushoto unashuka mtoni. Kushoto ni njia ya maiti. Miungu haipiti kushoto.

Nilipita na sinia langu. Niliweka rangi kwenye paji la Basundhara, kisha nikamwinamia Jogratna kama ninayemwekea maua sikioni.

"Shemeji, kichwani mwake yumo Purnaman. Nilimsaga nikamtia kwenye kiini. Unambeba."

Nilirudi nyuma hatua moja nione. Hilo ndilo nililokuwa nalo tangu Asar: kumwona akitupa mti, Basundhara akianguka topeni, na watu wakimwona yeye ndiye aliyemwangusha. Au kumwona akitembea, anajua alichobeba, anaoza kwa kujua. Lolote kati ya hayo mawili nililitaka.

Alifumba macho. Alihamisha mti kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, taratibu, kama mtu anayejua safari ni ndefu. Ngoma zikaanza. Akageuka kushoto.

"Mzee! Kulia! Kulia!"

"Kushoto," alisema.

"Kushoto ni njia ya maiti, umerukwa na akili?" aliuliza kijana aliyebeba nyuma yake.

"Naijua njia hii. Nimeipita kabla hujazaliwa. Fuata bega langu au umwangushe."

Waliokuwa nyuma hawakuwa na la kufanya, machela yamekwisha pinda. Ngoma zilinyamaza moja baada ya moja. Tulishuka wote, ua mzima, hadi ngazi za mtoni walikochomewa wazee wetu wote. Hapo akawaambia watue.

Akasema. Alisema yote: arusi, bilauri, mlango uliokuwa wazi, mkeka. "Purnaman hakuuza. Niliyemwacha Basundhara aibiwe ni mimi, na niliyemtoa Purnaman kwenye guthi ni mimi. Alistahili kupitishwa hapa juu ya mabega yetu. Sikuja."

"Na Basundhara?" kuhani alimpigia kelele. "Basundhara kakukosea nini hata umtie uchafu wa njia hii?"

Nilishika mkono wa Sunkesari. Neno moja tu lilibaki, na alikuwa nalo. Alitazama umati mpaka akanipata.

"Wazimu wangu," alisema. "Adhibuni mimi."

Hakunitaja. Hakukitaja kiini.

Jina la Purnaman limesafishwa mbele ya watu wote. Wamembeba, wamemfikisha. Nilitaka nicheke, nilitaka nimng'oe yule mzee macho. Nimeketi tu.

Bhadau 20
Kuhani amemwosha Basundhara kwa maziwa na maji ya mito. Amerudi mahali pake. Ni msafi, wanasema.

Bhadau 24
Guthi imekaa. Sunkesari na mimi tumerudishwa. Jogratna ametolewa, kwa kiapo cha uongo na kwa njia ya maiti. Mikono yote iliinuliwa.

Asoj 1
Mvua inaaga. Jogratna haamki kitandani.

Asoj 3
Wazee wawili wa guthi wamekuja, tena kwa heshima, viatu wameviacha mbali. Wanasema sheria ina mlango. Aliyekosewa ni mimi. Nikisema nimesamehe, watamtoza faini ya karamu moja na kumrudisha. Mganga amesema hafiki mwisho wa mwezi.

Dhanmaya alikuwa nyuma yao. Hakuleta kikapu. Mkono wake wa kushoto hauna bangili.

"Heramaya," alisema, "hana watoto wa kiume. Nani atambeba?"

Nilimtazama. Nilitafuta ndani yangu kama mtu anavyotafuta sindano, polepole, kwa vidole.

"Sijasamehe," niliwaambia wazee.

Sunkesari alinifuata jikoni. "Mama. Alikuficha. Angesema neno moja tungekuwa nje, mimi na wewe, mpaka tufe."

"Najua alichofanya."

"Mimi nilitaka Baba abebwe. Amebebwa. Sasa unataka nini tena?"

Nilimwambia awashe moto.

Asoj 5
Karamu ya guthi. Tulikaa kwenye mikeka uani, safu ndefu, kwa umri. Mahali pa mkubwa, mwanzoni mwa safu, palipokuwa pa Jogratna, walikuwa wamekwisha sogea, kila mtu nafasi moja mbele, huwezi kujua palikuwa na mtu. Dirisha la juu la kina Jogratna lilikuwa wazi. Basundhara alikuwa mbele yetu na taa zake, mikono sita, anatabasamu.

Walipakua pepeta, nyama ya nyati, maharage, figili kali, wakamimina gongo ya mchele kutoka juu bila kumwaga tone. Bibi mmoja aliniambia, "Kula, Heramaya, leo uko nyumbani." Wanaume walisema Basundhara huyu ni mzito kuliko wa zamani, mabega bado yanawauma, lakini mwaka ujao watambeba tena.

Sunkesari hakugusa sahani yake ya majani. Alikuwa anatazama dirisha. Mimi nilikula yangu yote, kisha nikavuta ya kwake nikala na hiyo.